Saa ya mfukoni ya babu: Thamani imo ndani, si katika fedha ya kasha

SAA ya mfukoni ikifika mbele ya sonara, kinachopimwa ni kasha lake. Fedha huwekwa mizanini, bei hutajwa kwa gramu, na mtambo uliokuwa ndani, pamoja na magurudumu, kamani na vito vyake, huhesabiwa kuwa shaba kuukuu isiyo na mnunuzi. Kwa warithi wengi walioachiwa saa moja, hiyo ndiyo njia nyepesi ya kugawana mirathi: pesa taslimu hugawanyika, saa haigawanyiki.

Miongoni mwa wakusanyaji wa saa za kale duniani, hesabu hiyo huenda kinyume. Mkusanyaji akipewa saa ya mfukoni huigeuza kwanza, akafungua mgongo, akatazama mtambo kabla hata ya kujua kama inatembea. Kwake yeye kasha ni nguo tu, na nguo hubadilishwa. Mtambo ndio saa yenyewe.

Tofauti hiyo ya macho ina uzito wa pekee katika vijiji kama Majoreni, Kaunti ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga. Ukanda huu ulikuwa na biashara ya majahazi karne nyingi kabla ya Waingereza na Wajerumani kuafikiana mwaka wa 1886 kuhusu mpaka ulioanzia kwenye mlango wa Mto Umba. Bidhaa za Unguja, Bombay na Ghuba ziliingia humu kwa bahari. Saa ya mfukoni, iliyovaliwa na wenye uwezo juu ya kanzu katika mfuko wa kisibau, ni miongoni mwa vitu vidogo ambavyo vingeweza kukaa sandukuni vizazi vitatu pasipo mtu wa nje kujua.

Kati ya saa zinazotafutwa kwa hamu kubwa zaidi ni zile ambazo mtambo wake umepambwa kwa nakshi za rangi mbili, nyeupe ya nikeli na manjano ya dhahabu. Nakshi zenyewe huwa duara zinazopishana, mistari inayotoka katikati kama miale ya jua, miraba ya ubao wa dama, au mawimbi yanayozidi kupungua kuelekea ukingoni. Mwanga ukiyapiga mabamba hayo, nakshi huonekana kucheza, na saa iliyosimama kwa miaka themanini hudhaniwa kuwa na uhai.

Nakshi hizo huchorwa kwa mashine. Bamba la nikeli huzungushwa chini ya kisahani kidogo kilichopakwa unga wa kusugulia, nacho huacha alama nyembamba mno, moja pembeni mwa nyingine, hadi bamba lote lijae. Ili kupata rangi ya pili, sehemu za nakshi hufunikwa kwa dhahabu na nyingine huachwa wazi, hivi kwamba metali mbili hukaa bega kwa bega katika mchoro mmoja. Tabaka hilo la dhahabu ni jembamba sana. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa maana ndilo linalozifisha saa hizi mikononi mwa watu wenye nia njema.

Mafundi wa Marekani waliiita kazi hiyo kwa jina lililotokana na Dameski, mji wa Sham uliosifika kwa panga zake. Jina lenyewe ni la kuazima tu. Kazi halisi ya Dameski ni kutia nyuzi za dhahabu au fedha ndani ya chuma kilichochimbwa, wala haihusiani na kusugua nikeli kwa kisahani. Biashara ilitaka jina lenye sifa, ikalipata Mashariki.

Kwa nini basi kiwanda kijitaabishe kupamba sehemu ambayo mwenye saa haioni ila anapofungua kasha? Jibu limo katika namna Wamarekani walivyouza saa. Kwao mtambo na kasha vilikuwa bidhaa mbili mbalimbali, mara nyingi za makampuni mawili tofauti, lakini zilizotengenezwa kwa vipimo vya kawaida ili zikubaliane. Mnunuzi alisimama dukani, akachagua mtambo kwanza, ukiwa umewekwa wazi au ndani ya kasha la kioo, kisha akachagua kasha kadiri ya mfuko wake: dhahabu, fedha au nikeli. Mtambo ndio uliokuwa ukijinadi juu ya meza ya duka. Kiwanda chenye nakshi za kuvutia kiliuza zaidi, hata kama kiwanda jirani kilikuwa na saa iliyoshika majira vilevile.

Uingereza mambo yalikuwa mengine. Fundi wa Kiingereza aliyapaka mabamba ya shaba dhahabu tupu, bila nakshi nyingi, hasa ili kuzuia kutu, na saa ikauzwa ikiwa kamili ndani ya kasha lake. Hivyo mtu wa pwani anayefungua saa ya Kiingereza na kukuta uwanja mtupu wa manjano asidhani ameibiwa kitu. Ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Enzi ya nakshi za rangi mbili ilikuwa kati ya miaka ya 1880 na miaka ya 1910. Viwanda vilivyosifika kwa kazi hiyo ni pamoja na Rockford na Illinois, vyote vya jimbo la Illinois, Hampden ya Canton katika jimbo la Ohio, na Seth Thomas ya Connecticut. Waltham na Elgin, vilivyokuwa vikubwa kuliko vyote, navyo vilitengeneza baadhi. Takriban vyote vimetoweka. Rockford ilifunga milango mwaka wa 1915. Illinois ilinunuliwa na Hamilton mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashine za Hampden zilinunuliwa na Muungano wa Sovieti mwaka wa 1930, zikapelekwa Moscow kuanzisha kiwanda cha saa huko.

Uzuri haukuwa peke yake. Mnamo Aprili 1891, treni mbili ziligongana karibu na Kipton, Ohio, na watu kadhaa wakafa. Inasimuliwa kuwa saa ya dereva mmoja ilisimama kwa dakika nne kisha ikaendelea bila yeye kutambua. Sonara mmoja wa Cleveland, Webb C. Ball, alitwikwa jukumu la kuchunguza saa za wafanyakazi wa reli, na kutokana na kazi yake yakatokea masharti yaliyoenea katika makampuni mengi ya reli ya Marekani. Saa ya reli ilitakiwa iwe na uso ulio wazi wenye tarakimu zinazosomeka kwa urahisi, iwe na vito visivyopungua 17, iwe imerekebishwa ishike majira hata ikilazwa au kusimamishwa katika mikao mitano, tena isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Mitambo mingi iliyotimiza masharti hayo ilipambwa pia, na hapo ndipo uhodari na urembo vilipokutana. Hiyo ndiyo sababu saa za reli zenye rangi mbili huwa na wapenzi wengi kupindukia.

Vito vinavyotajwa hapa ni vijiwe vya yakuti vilivyotobolewa katikati, ambamo ncha za mihimili ya magurudumu huzungukia. Jiwe halilali upesi kama shaba. Vito saba ni saa ya kawaida, 15 ni nzuri, 17 hadi 23 ni ya hali ya juu. Thamani ya vito vyenyewe ni ndogo, na sonara anayemwambia mteja kuwa vito hivyo havina bei hasemi uongo. Anachoacha kusema ni kwamba idadi yao ni kipimo cha ubora wa mtambo mzima.

Je, saa za namna hii zilifikaje Pwani ya Afrika Mashariki? Njia zilikuwa zaidi ya moja. Ya kwanza ilipitia Unguja. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka wa 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wageni wa kudumu katika bandari hiyo wakileta kitambaa ambacho hadi leo huitwa merikani. Saa zilipendwa mno katika nyumba za matajiri wa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alizitaja saa miongoni mwa mapambo ya vyumba katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1886. Sayyid Barghash naye alijenga Beit al-Ajaib mwaka wa 1883, jumba ambalo mnara wake wa saa ulikuja kuwa alama ya mji mpaka ulipoporomoka pamoja na sehemu ya jumba hilo mnamo Desemba 2020.

Njia ya pili ni ya Bombay. Kampuni ya Uswisi ya Favre-Leuba ilikuwa na biashara India tangu 1865, na West End Watch ilijipatia jina huko na katika nchi za Ghuba tangu miaka ya 1880. Wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka pwani yote walikuwa na ndugu na washirika Bombay. Kutoka huko saa ingeweza kusafiri na mchele na nguo.

Njia ya tatu ni ya makampuni, reli na majeshi. Kampuni ya IBEA ilikuwa na kituo Shimoni. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu 1901. Tena wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, bonde la Mto Umba lilikuwa uwanja wa mapigano: Januari 18 na 19, 1915, Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck waliishinda kambi ya Waingereza na askari wa Kihindi pale Jasini, kusini kidogo ya Vanga. Saa za jeshi la Uingereza hutambulikana kwa alama ya mshale mpana iliyopigwa mgongoni, na yeyote mwenye saa yenye mshale huo katika maeneo hayo ana jambo la kuwauliza wazee.

Ukweli usemwe hapa ili watu wasipandishwe matumaini bure. Reli ya Uganda ilikuwa ya Waingereza, wala masharti ya Webb Ball hayakuihusu. Saa nyingi za Marekani zenye rangi mbili ziliuzwa na kuvaliwa Marekani kwenyewe. Sanduku la mzee wa Majoreni lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa saa ya Uswisi ya bei nafuu, ya mfumo alioubuni Georges Frederic Roskopf katika miaka ya 1860 ili mfanyakazi wa kawaida apate saa. Au saa ya Kiingereza yenye kasha la fedha. Au ya Uswisi iliyotengenezewa soko la Waturuki na Waarabu, yenye tarakimu za Kiarabu usoni. Hii ya mwisho isidharauliwe. Ina wakusanyaji wake, na kwa historia ya pwani inaeleza mengi kuliko ya Marekani.

Katika nchi nyingi za Kiislamu saa zilitiwa majira jua lilipotua, akrabu zote mbili zikiwa kwenye 12. Mswahili alihesabu saa zake kwa kufuata jua pia, na alipoletewa saa ya Mzungu hakuwa na haja ya kugeuza akrabu. Alisoma upande wa pili: akrabu ikiwa kwenye saba, ni saa moja. Pwani iliyo karibu na ikweta, ambako macheo na machweo hayahami sana mwaka mzima, hesabu hiyo haina taabu, nayo ndiyo inayotumika mpaka sasa.

Alama zilizomo ndani ya kasha husema mengi kwa anayejua kuzisoma. Fedha ya Kiingereza ina simba anayetembea, pamoja na alama ya mji: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, upanga na mashada matatu ya ngano ni Chester. Herufi iliyo kando yake hutoa mwaka. Fedha ya Uswisi baada ya miaka ya 1880 huwa na dubu au ndege wa porini, dubu ikiwa ndiyo fedha safi zaidi. Kasha la Marekani lililoandikwa Silveroid au Silverine halina hata chembe ya fedha. Ni aloi ya nikeli. Na kasha la manjano linaloahidi miaka 20 au 25 si dhahabu tupu. Ahadi hiyo ya miaka ilikuwa ya ngozi nyembamba ya dhahabu iliyogandishwa juu ya shaba, yaani kiwanda kilikuwa kikitabiri itachukua muda gani kuchakaa. Dhahabu tupu haihitaji kuahidiwa miaka.

Kwenye mtambo, kinachotafutwa ni jina na nambari. Nambari ya mtambo ndiyo hutaja mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa orodha za viwanda vikubwa vya Marekani zimehifadhiwa na kuchapishwa. Nambari ya kasha ni ya kampuni nyingine, na watu wengi hukosea kwa kuisoma hiyo. Matundu ya skrubu yasiyotumika ukingoni mwa kasha huonyesha kuwa mtambo ulihamishwa kutoka kasha jingine. Zipo pia saa za Uswisi zilizoiga za Marekani enzi hizo hizo, zikiwa na picha ya garimoshi usoni, michirizi ya rangi mbili ndani, na maandishi ya kudai vito 23 ilhali vingi vyake ni vioo vyekundu visivyofanya kazi yoyote. Kudanganya wanunuzi hakukuanza jana.

Adui mkubwa wa saa hizi katika Pwani Kusini ni hewa. Chumvi na unyevu hula chuma cha kamani, cha skrubu za buluu, na hasa cha ule utepe mwembamba kama unywele unaoliendesha gurudumu la mizani. Mafuta nayo hukauka yakawa gundi. Mafuta bora ya saa katika karne ya 19 yalitolewa katika taya za pomboo, wanyama wale wale ambao watalii hulipa leo kwenda kuwatazama Kisite kutoka Shimoni. Saa iliyokaa miaka mingi haifai kutiwa ufunguo ili kuona kama inafanya kazi. Ikikubali, vyuma vikavu husagana. Ikikataa, kamani yenye kutu huweza kukatika.

Adui wa pili ni usafi. Desturi ya pwani ya kung'arisha shaba kwa limau, ukwaju na majivu hufaa sinia na birika. Juu ya mtambo wa rangi mbili, asidi na msuguo huondoa dhahabu kwa dakika chache, na kinachobaki ni bamba la rangi moja lenye kivuli cha nakshi. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha ikawa ile ile. Saa ya namna hiyo, hata iwe ya kiwanda gani, hushuka thamani kuliko ile iliyoachwa na uchafu wake. Vivyo hivyo kisu cha jikoni kwenye kasha linalofunguliwa kwa kuzungusha: makovu yake hayafutiki. Baadhi ya saa za reli zina kijiti kidogo chini ya kioo ambacho sharti kivutwe kabla ya kugeuza akrabu, na anayelazimisha kwa kichwa cha saa huvunja.

Liko suala la sheria pia. Sheria ya Turathi na Makavazi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakipaswi kutolewa nchini bila kibali cha Serikali. Kwa hiyo saa iliyofika Vanga au Wasini mwaka wa 1890 si sawa kisheria na ile iliyoletwa na jeshi mwaka wa 1915, hata kama zote zilitoka katika kiwanda kimoja. Mgeni wa Diani anayeitia mfukoni na kupanda nayo ndege huenda asijue hilo. Anayemuuzia ana sababu zaidi ya kulijua.

Ugumu ni katika ushahidi. Nambari ya mtambo inathibitisha mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kuingia nchini. Na hapa ndipo kasha, lililodharauliwa mwanzoni mwa makala haya, linapopata heshima yake. Mafundi saa wa zamani walikuwa na mazoea ya kukwaruza kwa ncha ya sindano, upande wa ndani wa mgongo, tarehe ya matengenezo na alama zao wenyewe. Wengine waliomiliki saa walichorewa majina yao, au jina la aliyewapa. Mikwaruzo hiyo midogo, inayoonekana tu kwa kioo cha kukuzia na taa ya pembeni, huweza kuwa maandishi pekee yanayoonyesha kuwa saa fulani ilikuwa Mombasa au Unguja mwaka fulani, mikononi mwa mtu fulani. Sonara akiliyeyusha kasha, huyeyuka nayo.

Picha nne hutosha kuyanusuru hayo hata kama familia imeshaamua kuuza: uso, mgongo, mtambo wenyewe na upande wa ndani wa kifuniko, zikipigwa karibu na dirisha mchana bila mwako wa kamera. Nambari mbili, ya mtambo na ya kasha, huandikwa kando, pamoja na jina la aliyeivaa na anachokumbuka mzee aliye hai kuhusu alikoipata. Halmashauri ya Makavazi ya Kitaifa (NMK) ina afisi katika Fort Jesus, Mombasa, na kuuliza huko kabla ya kuuza hakumpokonyi mtu saa yake.